Ukimya Hauandikwi Kwenye Boksi la Feni

Anayetaka kompyuta ya mezani isiyomkera kwa kelele hupewa ushauri mmoja: soma desibeli zilizochapwa kwenye boksi la feni, chukua yenye namba ndogo. Utausikia ushauri huo Kariakoo, utausikia barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na utausikia kwa kijana anayejiundia mashine ya michezo chumbani kwake. "Chukua hii, bosi, desibeli kumi na sita tu, hutaisikia kabisa." Ushauri huu una ndugu zake wawili wasioachana nao. Wa kwanza unadai kwamba feni zikipungua, kelele nazo zinapungua. Wa pili unadai kwamba mashine ikiendelea kuvuma baada ya hapo, dawa ni kuongeza fedha na kununua chapa ghali.

Yote matatu ni makosa. Watu wanatoa fedha kwa kuyafuata, halafu wanakaa mbele ya mashine ileile inayovuma, wakiamini kwamba kompyuta yenye nguvu haiwezi kuwa kimya. Inaweza. Feni hunyamaza inapozunguka polepole, na haiwezi kuzunguka polepole mpaka iwe kubwa ya kutosha, iwe na njia ya hewa iliyo wazi, na iwe na mpangilio wa mwendo unaoiruhusu kutulia. Hayo hayachapwi kwenye boksi, nayo ndiyo yanayoamua kila kitu.

Tuanze na namba yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoaminiwa kuliko yote.

Desibeli za boksini ni kipimo cha feni iliyosimamishwa peke yake katika chumba maalumu kisicho na mwangwi wala kelele za nje. Mbele yake hakuna wavu, hakuna chujio la vumbi. Nyuma yake hakuna lile pande la alumini linalopoza prosesa. Feni hiyo haisukumi hewa dhidi ya kitu chochote. Nyumbani kwako itafungwa milimita chache kutoka kwenye bati lililotobolewa matundu madogo, na hewa itakayofika kwenye mapanga yake itakuwa imeshavurugika. Hewa iliyovurugika ikikatwa na mapanga hutoa mlio ambao chumba kile cha vipimo hakikuusikia kamwe. Kizuizi kilicho upande wa kuvutia hewa ndicho kibaya zaidi, na makasha mengi ya bei nafuu yameweka vizuizi vyake hapohapo.

Kisha kuna umbali. Sauti ya chanzo kidogo, mahali palipo wazi, hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Aliyepima kwa mita 1 ataandika namba iliyo chini kwa desibeli 6 kuliko aliyepima kwa nusu mita, na feni ni ileile. Kanuni za kimataifa zipo: ISO 7779 inahusu kelele za vifaa vya kompyuta, na ISO 10302 inahusu feni ndogo zenyewe. Lakini maboksi mengi dukani hayasemi kipimo kilifuata kanuni ipi wala kilichukuliwa umbali gani. Namba mbili zisizotaja umbali hazilinganishiki.

Kasoro kubwa kuliko hizo ni mwendo. Mara nyingi namba ya boksini ni ya feni inapozunguka kwa kasi yake ya mwisho, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika zaidi. Chukua feni moja inayojulikana sana duniani, NF-A12x25 ya kampuni ya Noctua ya Austria, iliyotoka mwaka 2018. Ina upana wa milimita 120, huzunguka hadi mara 2,000 kwa dakika, husafirisha mita za ujazo 102 za hewa kwa saa, na imeandikwa desibeli 22.6. Iweke rafuni kando ya feni yoyote ya mizunguko 1,200 iliyoandikwa desibeli 16. Ushauri wa mtaani utakuambia uchukue ya 16. Sasa shusha ile ya Noctua mpaka 1,200. Kwa kanuni ya mafundi wa feni, ambayo nitaieleza hivi punde, kelele yake inaanguka kwa desibeli zipatazo 11, inafika kama 11 na nusu, na bado inatoa mita za ujazo 61 kwa saa. Feni iliyokataliwa kwa sababu ya namba kubwa imekuwa tulivu kuliko iliyochaguliwa, tena ina akiba ya nguvu kwa siku ya joto kali. Namba ya boksini iliiadhibu kwa kuwa na uwezo wa kukimbia, uwezo ambao mwenye mashine halazimiki kuutumia.

Hata desibeli zenyewe hazisikii kama sikio lisikiavyo. Zile zinazotumika kwenye feni hupitishwa kwanza kwenye mizani inayoitwa A, ambayo chimbuko lake ni utafiti wa Harvey Fletcher na Wilden Munson wa mwaka 1933 kuhusu jinsi sikio linavyopokea sauti nzito na nyembamba. Mizani hiyo huziondolea sauti nzito uzito mwingi: sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde hupunguzwa desibeli zipatazo 19 kabla ya kuhesabiwa. Kwa hiyo mngurumo mzito wa mota, unaopenya kwenye bati la kasha na kulifanya kasha zima litetemeke na meza nayo itetemeke, karibu haumo kwenye namba. Vilevile mizani hiyo haitofautishi mvumo laini na mluzi. Feni mbili zinaweza kuandikwa desibeli zilezile, moja ikapumua kama upepo na nyingine ikapiga sauti moja nyembamba inayochoma kichwa usiku kucha. Feni ya mapanga 7 inayozunguka mara 1,200 kwa dakika hukata hewa mara 140 kwa sekunde; hapo huzaliwa sauti ya 140, kisha ya 280, kisha ya 420. Zikikutana na vyuma vya wavu vilivyo karibu mno na mapanga, sauti hizo hupanda na kuwa wimbo. Sikio hulishika neno moja katikati ya minong'ono mingi, na namba ya boksi hailijui neno hilo.

Mwisho wa hoja hii ni chumba chako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za jamii, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 ndani ili usingizi usivurugike. Hicho ndicho tunachokiita kimya. Anayebishana juu ya feni ya 14 na feni ya 17 anabishana juu ya kitu kitakachomezwa na chumba chenyewe, huku ameacha bila kuguswa kile kinachomsumbua kweli: feni yake inapokurupuka kutoka mizunguko 900 hadi 1,800 kwa sababu amefungua ukurasa mmoja wa intaneti.

Sasa tuje kwenye kanuni. Wahandisi wa feni wana sheria ambazo hazibadiliki kwa sababu ya chapa. Ukiongeza mwendo wa feni maradufu, hewa inayosafirishwa huongezeka maradufu. Msukumo wake huongezeka mara nne. Umeme inaoula huongezeka mara nane. Kelele huongezeka kwa desibeli zipatazo 15. Kwa watu wengi, ongezeko la desibeli 10 husikika kama sauti imekuwa kubwa mara mbili, kwa hiyo 15 ni pengo la kusikika tangu mlangoni. Igeuze sheria hiyo uone neema yake: punguza mwendo nusu, utapoteza nusu ya hewa, lakini utaondoa desibeli 15.

Hapa ndipo ushauri wa feni chache unapoanguka. Vyanzo viwili vya sauti vilivyo sawa, vikiwashwa pamoja, huongeza desibeli 3 tu juu ya kimoja. Weka basi feni mbili badala ya moja, kila moja izunguke nusu ya mwendo. Zote mbili pamoja zinaweza kupitisha hewa ileile iliyokuwa ikipitishwa na ile moja iliyokuwa ikikimbia. Kila moja imepungua desibeli 15, kuwa mbili kumerudisha 3, faida ni desibeli 12. Aliyeng'oa feni ya pili ili apate utulivu amejinyima desibeli 12 kwa mkono wake mwenyewe.

Historia ilishatoa ushahidi huu hadharani. Mwaka 2002 kampuni ya Apple ilitoa Power Mac G4 iliyovuma kiasi kwamba watumiaji wake waliibatiza jina la handaki la upepo, na mwaka uliofuata kampuni ikalazimika kutoa mpango wa kubadilisha pawasaplai na feni kwa waliolalamika. Mwaka huohuo wa 2003 ikatoka Power Mac G5. Ndani yake mlikuwa na feni 9. Kwa hesabu ya mtaani, mashine ile ilipaswa kuwa balaa. Haikuwa hivyo. Wahandisi waliligawa kasha katika kanda nne za joto, kila kanda na feni zake zilizoongozwa na kompyuta, na kwa kuwa kila feni ilibeba sehemu ndogo ya kazi, zilizunguka polepole. Katika kazi za kawaida mashine ya feni 9 ilikuwa tulivu kuliko iliyoitangulia. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeonja pia mwisho wa njia ya kinyume: Apple III ya mwaka 1980 ilitengenezwa bila feni hata moja kwa sababu Steve Jobs hakutaka kusikia sauti yake, na mashine hizo zikasumbuliwa na joto mpaka heshima ya kompyuta ile ikaharibika mapema. Kuondoa feni si njia ya utulivu. Njia ni kuzipunguzia kazi.

Ukubwa wa feni unafuata hoja hiyohiyo. Feni ya milimita 120 ina eneo mara mbili na robo ya feni ya milimita 80. Ya 140 inaizidi ya 120 kwa zaidi ya theluthi. Feni ndogo haina budi kukimbia ili ipitishe hewa ambayo kubwa huipitisha ikitembea. Ndiyo maana zile feni za milimita 40 ndani ya seva, zinazozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, hupiga kelele ya king'ora, na hakuna chapa itakayoziponya. Kasha likiwa na nafasi ya feni ya 140, kuweka ya 120 kwa sababu imeandikwa desibeli pungufu ni kuutupa utulivu uliokwisha kuulipia uliponunua kasha.

Lakini sheria ile ina sharti, na sharti hilo ndilo wapinzani wangu hawalitaji. Nilisema mwendo ukipungua nusu, msukumo hubaki robo. Feni inayozunguka polepole ina pumzi ndogo. Haiwezi kupenya wavu wa bati lenye matundu membamba, chujio lililoganda vumbi, na rundo la waya lililosongamana mbele yake. Ikizuiwa, joto litapanda, mazabodi itaiamuru ikimbie, na utulivu utakuwa umekwisha. Hivyo anayetaka feni tulivu ana kazi ya kufanya kwenye kasha kabla hajafika kwenye feni. Sehemu ya mbele iwe ya wavu mpana na si kioo kilichofunga kila kitu isipokuwa mwanya wa kidole kimoja pembeni. Waya zifungwe nyuma ya bamba la mazabodi. Feni zinazoingiza hewa zizidi kidogo zinazoitoa, ili hewa ipite kwenye chujio badala ya kunyonywa na kila ufa wa kasha pamoja na vumbi lake. Chujio lioshwe. Pesti ya joto kati ya prosesa na pande la alumini ibadilishwe inapokauka, kwa sababu joto lisilovuka hapo halitaokolewa na feni yoyote.

Hapa mafundi wengi wana tiba ya haraka: vua mfuniko wa pembeni, mashine ipumue. Tiba hiyo inavunja kile inachodai kukiponya. Kasha lililofungwa vizuri huielekeza hewa kutoka mbele, kupita kwenye diski, kadi ya picha na prosesa, hadi nje kwa nyuma. Likiachwa wazi, feni za mbele huvuta hewa ambayo humwagika pembeni bila kugusa kinachochemka. Mara nyingine prosesa itapoa kidogo, ndiyo. Lakini sasa hakuna bati kati ya sikio lako na kila feni iliyomo, na vumbi linaingia bila kuchujwa. Vumbi hilo litalala kwenye mapanga bila usawa, mapanga yatayumba, na beringi italiwa upande mmoja. Kasha linalohitaji kuvuliwa mfuniko linaomba matundu ya mbele, na hilo ndilo la kurekebisha.

Najua jibu linalofuata. Wataniambia: haya yote ni ya Ulaya, kwenye vyumba baridi, Dar es Salaam ya Januari yenye nyuzi 32 haina huruma, feni lazima zilie. Hoja hii nzito inastahili hesabu, na hesabu inaikataa.

Kinachoamua kiasi cha hewa kinachohitajika ni joto linalozalishwa na kiwango ambacho hewa inaruhusiwa kupata joto ikipita ndani. Mashine ya ofisi yenye prosesa ya wati 65, pamoja na vingine vilivyomo, ikitoa wati 100 kwa jumla, inahitaji mita za ujazo 30 tu za hewa kwa saa ili hewa hiyo isipande zaidi ya nyuzi 10 kati ya kuingia na kutoka. Kumbuka feni yetu ya milimita 120: kwa mizunguko 1,200 inatoa 61 mahali pa wazi. Hata kasha likiila nusu, imebaki inayotosha. Mashine ya michezo ya wati 300 inahitaji kama mita za ujazo 90. Feni tatu za aina hiyo, zikizunguka polepole, zinaibeba. Joto la chumba halibadilishi kiasi hicho cha hewa. Linachofanya ni kuisogeza ngazi nzima juu: prosesa iliyokuwa nyuzi 65 katika chumba cha nyuzi 22 itakuwa karibu 75 katika chumba cha nyuzi 32. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha nyuzi 100. Sabini na tano si hatari.

Basi kelele ya Dar inatoka wapi? Inatoka kwenye mpangilio wa mwendo. Mazabodi ikiwa imepangwa kuanza kuzikimbiza feni prosesa inapogusa nyuzi 60, katika chumba cha nyuzi 22 mstari huo haufikiwi kwa kazi ndogo. Ukiuacha vilevile katika chumba cha nyuzi 32, kila kazi ndogo inauvuka, na feni zinalia siku nzima kwa joto ambalo prosesa inalivumilia bila shida. Ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mazabodi, unakupa nafasi ya kuusogeza mstari: feni ziende polepole mpaka nyuzi 70 au 75, zipande taratibu hadi 85, na baada ya hapo ziachiwe zikimbie, maana hapo ni haki yao. Kazi hiyo haigharimu shilingi, nayo inashusha kelele kuliko feni yoyote utakayoinunua.

Nairobi ina hesabu yake. Jiji liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Feni ileile, kwa mwendo uleule, inabeba uzito mdogo wa hewa, kwa hiyo inaondoa joto kidogo. Fidia inatoka kwa chumba, ambacho ni baridi kwa nyuzi kadhaa kuliko cha Dar. Mkazi wa Nairobi asiogope, ila asiinakili mipangilio ya mwenzake wa Mombasa namba kwa namba. Haya nayo hayamo kwenye boksi.

Katika mpangilio huohuo wa mwendo kuna jambo ambalo sikio hulijali kuliko wingi wa sauti, nalo ni mabadiliko. Mvumo usiobadilika huzoeleka. Baada ya muda akili huuacha kando. Feni inayopanda na kushuka kila baada ya sekunde chache haizoeleki, hata ikiwa ndogo, kwa sababu kila badiliko linaiita akili upya. Prosesa huruka nyuzi 10 kwa sekunde moja programu inapofunguka, kisha hurudi. Pande la alumini lililo juu yake halipandi hivyo. Linachukua muda kupata joto. Feni inayofukuza kila mruko wa prosesa inafukuza kivuli. Mazabodi nyingi zina kipengele cha kuchelewesha feni kupanda na kushuka. Kiongeze hadi sekunde kadhaa, na mashine iliyokuwa ikihema kama mgonjwa itatulia.

Kwa ajili ya udhibiti huo, ndiyo, feni ina mchango wake, na hapa boksi lina neno moja la maana: pini nne. Feni ya pini tatu hupunguzwa mwendo kwa kupunguziwa volti, na ikishuka sana hukwama au hukataa kuanza. Feni ya pini nne hupata volti 12 wakati wote. Waya wa nne huipelekea mapigo ya amri, 25,000 kwa sekunde kwa kanuni iliyowekwa na Intel, nayo hujipunguza yenyewe hadi mwendo mdogo kabisa bila kuyumba. Ukiuliza swali moja tu dukani, uliza feni inaweza kushuka hadi mizunguko mingapi. Inayoshuka mpaka 400 au 500 na kuendelea kuzunguka kwa utulivu ina thamani kuliko inayojisifu kwa desibeli.

Jambo la pili la kulipia ni beringi. Feni ya bushi ya kawaida huwa tulivu sana siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo inayopimwa dukani. Ikilazwa ielekee juu au chini, katika joto, mafuta yake huisha na huanza kukwaruza. Beringi za gololi zinavumilia joto na kulazwa, ila zina sauti yao tangu mwanzo. Beringi za ulalo wa mafuta, ambamo mhimili huelea juu ya utando wa mafuta yaliyozibiwa ndani, ndizo zinazounganisha utulivu na maisha marefu. Kwa anayeishi mahali pa joto na vumbi, aina ya beringi ina uzito kuliko desibeli 3 za tangazo.

Siwachukii watengenezaji wa feni ghali. Ile ya Noctua niliyoitaja ina mwanya wa nusu milimita tu kati ya ncha za mapanga na fremu, na kazi ya namna hiyo ina gharama yake. Ninachokataa ni kuiuza kama dawa. Ifunge nyuma ya kioo kilichoziba hewa, iachie mpangilio wa mwendo unaokurupuka, na fedha yote imekwenda. Feni ya bei ya wastani yenye pini nne na beringi nzuri, katika kasha lililo wazi na kwa mwendo wa 800, itaishinda kila siku. Na wenye kompyuta za ofisi za mtumba, ambazo ndizo zinazofanya kazi nyingi za stesheneri na ofisi zetu, wajue kwamba baadhi ya mashine hizo zina soketi za feni zisizofanana na za kawaida, na zinaweza kusimama na kutoa onyo wakati wa kuwaka zikiona feni ngeni. Kwao, kusafisha, kubadilisha pesti na kuweka feni yenye soketi ileile ndiko kunakolipa, kabla ya kufikiria chapa.

Utetezi wa mwisho wa ushauri wa kale ni huu: mnunuzi wa kawaida hana muda wa fizikia, mpe namba moja aondoke. Nauheshimu utetezi huo, kwa sababu unamjali mnunuzi. Lakini namba inayompeleka pasipofaa haina faida ya urahisi. Tena maneno yanayomfaa si marefu. Nunua feni kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye kasha lako. Weka nyingi kidogo, zizunguke polepole. Ziwe za pini nne na beringi ya mafuta. Fungua njia ya hewa na uoshe chujio. Ingia BIOS, zishushe, zicheleweshe. Hayo yanatosha kwenye karatasi moja, na muuzaji yeyote mwenye nia njema anaweza kuyasema kwa dakika ile anayoitumia kusoma desibeli.

Kuna watakaosema kwamba katika miji yetu yenye bodaboda, vipaza sauti na majenereta, kudai kompyuta iliyo kimya ni anasa. Nawajibu kwa kuwataja wanaodai. Mwanamuziki anayerekodi sauti chumbani, maikrofoni ikiwa mita moja na nusu kutoka kwenye mashine, analipia mvumo huo katika kila wimbo, na hawezi kuufuta bila kuikwangua sauti yake. Msimulizi wa vitabu vya kusikilizwa hali kadhalika. Kwa darasa, mwongozo uleule wa 1999 ulipendekeza desibeli 35, ili mtoto asikie kila silabi ya mwalimu. Darasa la kompyuta lenye mashine 10 sawa zinazovuma lina desibeli 10 zaidi ya darasa lenye moja, na mtoto wa nyuma ndiye anayekosa somo. Mwanafunzi anayesoma usiku katika chumba ambamo wadogo zake wamelala hana anasa yoyote anayoitafuta. Kelele za mji hatuziwezi peke yetu. Hii iliyo chini ya meza tunaiweza, tena kwa sehemu kubwa bila kununua kitu.

Kwa hiyo nawataka wanaouza na wanaounda mashine wabadilishe desturi. Wasimkabidhi mteja kompyuta ambayo mpangilio wa feni zake haujaguswa tangu kiwandani. Waiwashe mbele yake kasha likiwa limefungwa, waipe kazi nzito kwa dakika 15, wamwache asikilize akiwa ameketi mahali atakapokaa. Na mteja adai hivyo, kwa kuwa fedha ni yake. Feni isikilizwe ndani ya kasha, ikiwa kazini, kabla ya risiti kuandikwa. Isiposikilizwa hivyo, namba ya boksini haijathibitisha lolote.